Injini Iliyopandisha Kinanda

Hapo zamani, si zile zamani za wafalme na majitu, ni zamani za juzi tu, wakati fomu zilikuwa bado zinajazwa kwa nakala tatu na karatasi nyeusi katikati, palikuwa na mji uitwao Makorongo. Katika mji huo palikuwa na barabara moja tu iliyopanda Mlima Shingo, na chini ya mlima palikuwa na gereji bubu.

Gereji bubu si gereji isiyosema. Hiyo ya Makorongo ilipiga kelele kutwa. Huitwa bubu kwa sababu Halmashauri haijawahi kuisikia: haina kibao, haina leseni, haina namba ya jalada. Ilikuwa na mabati manne, mkeka mmoja wa kulalia chini ya magari, na alama ya X nyekundu iliyochorwa na Halmashauri kwenye bati la mbele. Maana ya alama hiyo kila mtu aliijua. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi jioni, greda lingekuja kusawazisha.

Walifanya kazi hapo mafundi watatu. Wa kwanza ni Mwasiti, mwanamke mwembamba aliyepima kila kitu kabla ya kukigusa, na wengine walisema alimpima hata mchumba wake, akamkuta amepungua. Wa pili ni Kitogo, fundi wa maneno mengi na mikono mikubwa. Wa tatu ni Mzee Pondamali, ambaye alizungumza pale tu alipoulizwa, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, alikuwa na miaka mingi ya maneno kifuani.

Mwasiti alikuwa amekwisha kuhamishwa mara nne. Alihamishwa sokoni, akahamishwa stendi, akahamishwa nyuma ya bohari la pamba, akahamishwa ukingoni mwa mto. Kila mara alijitwika sanduku lake la spana akaondoka, na kila mara X ilimfuata kama jamaa asiye na kwao. Hakutaka utajiri. Alitaka mahali penye paa ambapo angeweza kuacha spana jioni na asubuhi akaikuta palepale, na Halmashauri ikajua kwamba ipo.

Basi siku moja akaja Bi Zawena, mjane wa marehemu Fundi Mbwiliza, na gari dogo la bluu la milango minne aliloachiwa na mumewe. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane. Marehemu aliitunza karatasi hiyo sandukuni pamoja na cheti cha ndoa, na cheti cha ndoa ndicho kilichokuwa chini.

Ilikuwa nakala ya Sheria Ndogo Namba Kumi na Saba. Ilisema hivi: mtu yeyote atakayeunda injini ya gari la matumizi ya kawaida, nayo ikavuta kinanda cha Serikali kutoka bomani hadi kilele cha Mlima Shingo pasipo kusukumwa, atapewa kiwanja kimoja cha gereji karibu na boma, yeye na si mwingine, na atafanya kazi humo peke yake ili kupunguza kelele.

Aliyeitunga ni bwana mkubwa mmoja wa enzi za wakoloni, na sababu yake iko wazi kwa yeyote ajuaye kusoma sheria: alikuwa na nyumba juu ya mlima na kinanda chini yake. Bwana mkubwa aliondoka bila kinanda. Uhuru ukaja, bendera ikashushwa nyingine ikapanda, na katika shamrashamra zile hakuna aliyekumbuka kuifuta sheria ya kinanda. Kinanda chenyewe kilibaki stoo ya Halmashauri, kimechorwa namba ya mali kwa rangi nyeupe, kikihesabiwa kila mwaka pamoja na majembe.

Mbwiliza alijaribu alipokuwa kijana. Gari likazimika kwenye kona ya pili, kinanda kikarudi nyuma, na tangu siku hiyo kikakosa mguu mmoja. Alikufa akiwa bado anasema ni suala la vipuri tu.

Wakaipeleka karatasi kwa Bwana Mpangala, Afisa Biashara, mtu aliyevaa tai hata siku za sikukuu na kuamini kwamba jambo lisilo na jalada halijatokea. Bwana Mpangala alitafuta kwa siku tatu ushahidi kwamba sheria ile imefutwa. Alipata kiota cha panya, na ombi la likizo la karani aliyekwisha kufariki, ambalo lilikuwa bado linashughulikiwa. Ushahidi wa kufutwa hakuupata. Kwa hiyo akawaambia, kwa huzuni ya mtu anayetii, kwamba sheria ni nzima, na akawapa Fomu ya Tamko la Vipuri.

Hapo ndipo shida ilipoanza, maana injini ya kupanda mlima si kitu cha kuamriwa tu. Sheria ilidai mambo mawili yasiyopendana. Kwanza, gari lisimame mbele ya lango la boma, injini ikiwaka bila kukanyagwa mafuta, muda wote ambao Afisa anaisoma sheria nzima kwa sauti. Likizimika, shauri limekwisha. Pili, livute kinanda hadi kileleni. Injini iliyotulia kama ng'ombe anayecheua haina pupa ya mlima. Na injini yenye pupa ya mlima, ukiisimamisha langoni, hukohoa na kukata roho.

Walibishana siku mbili juu ya mkeka.

Kitogo alikuwa upande wa kamshafti, ile fimbo yenye nundu inayofungua na kufunga vali, yaani vilango vya hewa. Alitaka nundu ndefu, vali zikae wazi muda mrefu, injini inywe hewa mpaka ishibe. Mwasiti akamwambia kwamba injini ya namna hiyo italala langoni kabla sheria haijafika ukurasa wa pili. Mwasiti mwenyewe alikuwa upande wa pistoni, na angependa zenye vichwa virefu zinazobana hewa kwa nguvu. Kitogo akamkumbusha petroli ya Makorongo, ambayo ilisafirishwa kwenye mapipa yaliyowahi kubeba kila kitu isipokuwa petroli. Ukiibana sana hulipuka kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga kama mlango wa mdaiwa, na pistoni zikatoboka. Mzee Pondamali aliulizwa, mara moja, kuhusu kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa. Akasema iwe moja, ndogo. Wakamcheka kidogo, lakini wakakubali kwa kuwa ilikuwa ipo tayari.

Ikabaki fulaiwili, lile gurudumu la chuma linalozunguka nyuma ya injini. Mafundi wote walitaka jepesi, ili injini ipandishe mwendo haraka. Bi Zawena akasema lile lililomo ni zito kweli, lakini lilifungwa na marehemu kwa mikono yake. Kitogo akamwambia kwa upole kwamba marehemu ndiye aliyezimikia kona ya pili. Bi Zawena akasema vyema, yeye mwenyewe atakwenda mkoani kulitafuta jepesi.

Mwishowe wakaafikiana. Kamshafti ya wastani. Pistoni za wastani. Kabureta moja, ndogo. Fulaiwili jepesi. Wakaandika, wakatia saini wote wanne, Bwana Mpangala akagonga muhuri, pwa, kwenye nakala ya kwanza, pwa kwenye ya pili, pwa kwenye ya tatu.

Na wino haujakauka, uongo ukaanza.

Mwasiti alirudi kwenye mkeka akapiga hesabu. Akapima mteremko wa Shingo kwa uzi na jiwe, akapima kinanda kwa mzani wa mnunuzi wa pamba, akapima kila kitu mara mbili. Hesabu ikamwambia kwamba injini ya wastani itakufa kona ya tatu, pale penye zahanati. Akarudia, ikafia penye zahanati tena. Vipimo vyake havikuwahi kusema uongo maishani, kwa hiyo ilimlazimu aseme yeye. Mchana wa Jumanne, wenzake walipokwenda kula, akafunga pistoni ndefu, akafunika, akapangusa mikono. Moyoni alijua kwamba zitagonga, lakini kwa hesabu yake zingegonga kwa dakika kumi na mbili kabla ya kutoboka, na mlima ulihitaji kumi na moja.

Kitogo naye alikuwa na ugonjwa wake. Neno wastani lilimchoma. Ripoti zake zote za shule ziliandikwa wastani. Mahari yake ilipokelewa kwa maneno kwamba ni ya wastani. Mchana wa Jumatano, wenzake walipokwenda kula, akafunga kamshafti ya nundu ndefu aliyokuwa ameificha ndani ya gunia la mkaa, akafunika, akapangusa mikono.

Bi Zawena alipanda basi hadi mkoani, akamtembelea dada yake, akala pilau, akarudi. Fulaiwili la marehemu lilikuwa limetolewa na kuwekwa uani kwake kama chuma chakavu. Akalisugua kwa mchanga, akalipaka rangi ya fedha, ile ya mageti, akalifunga kwa magazeti, na mchana wa Alhamisi akalileta gereji kwa toroli akisema ndilo hilo jipya. Kitogo akalinyanyua kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka, akasema, "Jepesi kama sinia, mama." Hata Mwasiti, aliyepima kila kitu, alilipima upana na unene, akatosheka. Uzito hakuupima, kwa kuwa mzani ulikuwa umerudishwa kwa mwenyewe, na kwa kuwa kitu kilichotoka mkoani kikiwa kimefungwa kwa magazeti mtu hukionea haya.

Na Mzee Pondamali? Alifunga kabureta moja, ndogo.

Ijumaa ileile ya greda, saa nne asubuhi, mji mzima ulikuwa langoni mwa boma. Ofisi zilifungwa kwa kibao kilichosema wahusika wako kazini. Kinanda kilipakiwa kwenye tela nyuma ya gari la bluu, kimeegemezwa tofali mahali pa mguu uliopotea. Juu ya kigoda cha kinanda alikaa Bwana Mpangala na tai yake, kwa maana kifungu cha sita kilitaka Afisa awe ubavuni mwa mali ya Serikali wakati wote ikiwa safarini.

Mwasiti akakaa kwenye usukani, maana ndiye aliyekuwa na mguu mwepesi kuliko wote na hilo nalo lilikuwa limepimwa, na wenzake watatu wakajibana ndani. Akawasha. Injini ikasema *ngur-tu, ngur-tu, ngur-tu*, kama mzee anayetafuta miwani, lakini haikuzima. Bwana Mpangala akaanza kusoma.

Alisoma kifungu cha kwanza, tafsiri ya maneno, ambamo kinanda kilitafsiriwa kuwa ni kinanda. Alisoma vifungu vya punda, kwa kuwa sheria ilikusudia hapo awali kuwahusisha. *Ngur-tu, ngur-tu.* Alisoma marekebisho ya mwaka fulani yaliyoondoa neno na kurejesha neno lilelile. *Ngur-tu.* Mwasiti alikuwa akisikiliza kwa makini, na kitu kilianza kumsumbua. Injini ya wastani haikohoi hivi. Na injini inayokohoa hivi, yenye fulaiwili jepesi, ingekuwa imezima tangu kwenye punda. Akamtazama Kitogo. Kitogo akatazama mawingu.

Dakika ya ishirini na tano Bwana Mpangala akafika kifungu cha arobaini na moja, ukurasa wa tisa, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuufikia. Akasoma kwa sauti ileile:

"Baada ya gari kufika kileleni, injini itafunguliwa hapohapo mbele ya Afisa, na kila kipuri kitalinganishwa na Tamko."

Mwasiti akapeleka vidole kwenye ufunguo. Akainua macho. Kitogo alikuwa ameacha kutazama mawingu na sasa alitazama viatu. Bi Zawena alikuwa anakaza khanga ambayo haikulegea. Ni Mzee Pondamali tu aliyekuwa akimenya chungwa.

Ufunguo ulikuwa chini ya vidole vya Mwasiti. Angeuzungusha tu, injini ikazima, shauri likaisha, wakaenda nyumbani wakiwa watu walioshindwa na si watu waongo. Greda lingekuja saa kumi, naye angejitwika sanduku mara ya tano. Alilifikiria sanduku lile. Lilikuwa limemwachia upara mdogo utosini, ambao aliufunika kwa kilemba.

Hakuuzungusha. Bwana Mpangala akamalizia vifungu viwili vya mwisho, ambavyo hakuna aliyevisikiliza, akakunja sheria, akasema, "Nendeni," na gari likaondoka.

Kona ya kwanza walipita na watoto wa shule wakikimbia ubavuni. Kona ya pili, ile ya marehemu, Bi Zawena aliyekuwa kiti cha nyuma alifumba macho, akafumbua, wakawa wamepita. Injini ilikuwa imeacha kukohoa. Ilikuwa sasa inalia kwa sauti moja nene, na kila tela lilipoingia shimoni kinanda kilitoa noti tatu kubwa, na Bwana Mpangala aliomba radhi kila mara, kwa mazoea. Mwasiti alisubiri kugonga. Alikuwa ametega sikio kwa ajili ya kile kilio cha chuma ambacho hesabu yake ilikiahidi. Wakafika penye zahanati. Wagonjwa walikuwa wametoka na dripu zao kutazama. Injini haikugonga. Wakaipita zahanati. Haikugonga.

Na hapo, juu ya mlima, badala ya kufurahi Mwasiti akaingiwa na hofu ya aina nyingine, hofu ya mtu wa vipimo aliyepata jibu zuri kuliko swali. Pistoni zake ndefu na petroli ile ya mapipa lazima zigonge. Kama hazigongi, basi kuna kitu kinachozipunguzia mbano. Na kitu pekee kinachoweza kufanya hivyo ni vali zinazochelewa kufunga. Na vali huchelewa kufunga kwa sababu moja.

"Kitogo," alisema bila kugeuza kichwa, wakiingia kileleni, "ulifunga kamshafti gani?"

Kitogo aliyebanwa kiti cha mbele akajibu, "Dada, wewe ulifunga pistoni gani?"

Watu walikuwa tayari wanapiga vigelegele.

Injini ikafunguliwa hapohapo juu ya turubai, mbele ya ukumbi mpya wa Halmashauri, ambao ulikuwa na kila kitu isipokuwa kinanda. Bwana Mpangala alishika Tamko na penseli. Kamshafti ya wastani: si ya wastani. Pistoni za wastani: si za wastani. Akakwaruza fulaiwili kwa ukucha, rangi ya mageti ikambandukia kidoleni, na chini yake yakatokea maandishi yaliyochongwa kwa patasi: *Mbwiliza*. Kabureta moja, ndogo: moja, ndogo. Akaweka alama ya vyema mahali pamoja, akatafuta mahali pa kukaa, akakalia kigoda cha kinanda.

Wengi walidhani shauri limekwisha, na wengine wakaanza kuteremka wawahi chakula. Lakini Bwana Mpangala alifungua tena ukurasa wa tisa, maana alikuwa mtu wa kusoma mpaka mwisho, na kifungu cha arobaini na mbili kilisema kwamba mtoa tamko la uongo atanyimwa kiwanja, isipokuwa pale uongo huo utakapokuwa umeinufaisha Serikali. Akageuza kichwa akautazama ukumbi mpya. Kwa miaka kumi na mmoja Halmashauri ilikuwa imejadili namna ya kukifikisha kinanda pale. Kulikuwa na kamati. Kulikuwa na kamati ndogo. Na sasa kinanda kilikuwa mlangoni, kimekosa mguu uleule mmoja tu.

Na kifungu cha arobaini na tatu, cha mwisho, kilisema: waundaji wakiwa zaidi ya mmoja, kiwanja atapewa yule ambaye bila yeye injini isingepanda.

Wakarudi bomani wote watano. Ilikuwa saa tisa na nusu. Mezani palikuwa na hati ya kiwanja, na kwenye hati palikuwa na mstari mmoja wa jina. Kama mstari ungebaki mtupu hadi saa kumi, kiwanja kingegeuka eneo la kuegeshea magari ya Halmashauri, ambayo yalikuwa mawili, moja bovu. Bwana Mpangala akaondoa kifuniko cha kalamu, akasema kila mmoja aseme neno lake, kwa kifupi.

Kitogo akasimama. Alisema mlima ulipandwa na hewa, na hewa ililetwa na nundu zake. Kwa kamshafti ya wastani, hata pistoni za dada Mwasiti zingekuwa za bure. Zingegonga, zingetoboka, na Mheshimiwa angeteremka mlima akiwa amepakatwa na kinanda. "Pistoni zake ziliokolewa na uongo wangu," alisema. "Mimi nilidanganya ili tufike, na tumefika. Nipe kiwanja, nami wastani sitaandikwa tena."

Mwasiti akasimama. Alisema nundu ndefu bila pistoni ndefu ni mdomo mkubwa bila meno: vali zikichelewa kufunga hewa hutoroka, na injini ingekuwa dhaifu kuliko ile ya wastani waliyoiandika. Kitogo alichagua kwa hasira, yeye alichagua kwa hesabu. "Na ufunguo ulikuwa mkononi mwangu," akasema. "Kifungu kiliposomwa, ningeweza kuzima, tukatoka na heshima zetu. Nilijua nitaaibika mbele ya mji, nikaenda. Nimehama mara nne, Mheshimiwa. Hii ikiwa ya tano, niambie tu, nikafunge sanduku."

Kitogo akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye alisikia kifungu na hakuruka nje ya gari. Mwasiti akamwambia angerukaje, na mwili wake ndio uliobanwa mlangoni. Bwana Mpangala akagonga meza kwa muhuri.

Bi Zawena hakusimama, magoti yalikuwa yanamuuma. Alisema wanawe hao wawili wamebishana vizuri juu ya mlima, lakini wamesahau lango. Injini yao yenye nundu na vichwa ingezimikia kwenye punda. Kilichoisukuma izunguke, *ngur-tu* moja baada ya nyingine, kwa dakika ishirini na saba, ni uzito wa chuma cha Mbwiliza. "Ninyi mlidanganya kwa kuwa mliona mnajua zaidi," alisema. "Mimi sijui kitu. Nilidanganya kwa kuwa sikutaka kazi yake itupwe. Karatasi ilitoka kwake, gari lilitoka kwake. Liandike jina langu, au kama sheria inaruhusu, liandike lake." Bwana Mpangala akajibu kwamba marehemu huruhusiwa kuomba likizo tu.

Akabaki Mzee Pondamali. Bwana Mpangala ikambidi amuulize, na huo ulikuwa mwaka wake wa kuulizwa mara mbili.

Mzee akafuta mikono iliyonata chungwa. Alisema watu wanne walitia saini, watatu wakaikana, mmoja akaishika. Kabureta yake ndogo waliicheka; lakini angefunga mbili kubwa, kama kila mtu alivyofunga alichokitaka, injini ingelowa petroli palepale langoni, na wala fulaiwili, wala pistoni, wala nundu visingeiamsha. Uongo wa wenzake ulipata mahali pa kusimama kwa sababu palikuwa na kitu kimoja ndani ya injini kilichokuwa kweli.

"Ulijua kwamba wanabadilisha?" akauliza Bwana Mpangala.

"Mimi sili mchana," akasema Mzee. "Nililala kwenye mkeka, chini ya gari. Jumanne niliona miguu ya binti, Jumatano nikaona miguu ya Kitogo. Alhamisi toroli liliinama upande, nikajua ni lile lile zito."

"Na hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Wote wakamgeukia. Mwasiti akapiga hesabu upya. Mzee angesema Jumanne, pistoni za Mwasiti zingetolewa. Angesema Jumatano, nundu za Kitogo nazo zingetolewa. Injini ingekuwa ya kweli tupu, na saa hizi ingekuwa imekwama penye zahanati, wagonjwa wakiisukuma. Kumbe kimya cha mzee nacho kilikuwa kipuri, na hakikuandikwa kwenye Tamko.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi. Nje ya dirisha kukasikika mngurumo wa greda likipanda kutoka barabara kuu. Mngurumo ukakatika, ukaanza tena, ukakohoa mara tatu, ukafa kabisa. Mlango ukagongwa, akaingia dereva wa greda, kofia mkononi, akawaamkia kwa adabu, akasema ametumwa kubomoa gereji iliyoko chini ya mlima, ila injini imemsaliti hapo getini, na je, waheshimiwa, anaweza kupata fundi wapi katika mji huu?

Wakainuka wote wanne kwa pamoja, hata Bi Zawena na magoti yake.

"Kaeni," akasema Bwana Mpangala. Akaiteremsha kalamu mpaka ncha ikagusa mstari, wino ukaanza kufanya nukta. "Na wewe, dereva, subiri hapo. Hata mimi ninamtafuta huyohuyo."

Nukta hiyo imekuwa ikipanuka tangu hapo, nami siwezi kuishikilia peke yangu. Hesabu bila hewa isingepanda, hewa bila hesabu isingepanda, zote mbili bila chuma kizito zisingevuka lango, na zote tatu zisingekuwapo kama mkweli angefumbua mdomo. Mstari ni mmoja, na zimebaki dakika nne. Haya, ninyi mliokaa mkasikiliza mpaka hapa, ishikeni kalamu ya Bwana Mpangala: mngeandika jina la nani?